Kisanduku chenye Uso wa Baba

Nairobi, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mihogo imeshika? Mimi mzima, ila nimechoka hadi kalamu naiona nzito.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini hasa. Bosi wangu, Kornelio, anatengeneza visanduku vya efekti. Ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukiunganisha na gitaa, sauti inabadilika, mara ina mwangwi, mara inakwaruza. Yeye anahangaika na nyaya za ndani, mimi nabuni sura ya nje: rangi, maandishi, mchoro. Nimechora mara sita na zote amezikataa. Ule wa kijani alisema unafanana na kopo la dawa ya ng'ombe. Mwezi wa tatu ukiisha bila mchoro, kazi anampa mwingine.

Naomba ile picha ya Baba ya ukutani, yenye kofia na gitaa. Nataka kumchora yeye. Mpe mama mdogo Gladys akija huku kuchukua mitumba. Pasaka nitakuja nyumbani, safari hii kweli, siyo kama miaka mitatu hii.

Mwanao, Akinyi


Ringwani, 19 Februari 2024

Nyathina Akinyi,

Marahaba, mwanangu. Hujambo? Huku tunapumua tu. Tembo wameingia shambani mara mbili, na mtama walioukanyaga ni mwingi kuliko walioula. Nimepanda tena na mgongo huu huu.

Picha ndiyo hiyo, ukutani umebaki msumari. Unajua hatuna nyingine. Baba yako Opondo alipiga gitaa miaka thelathini na jina lake halikuandikwa popote ila kwenye msalaba wake. Sasa ataonekana Nairobi! Mchore anacheka, meno yake yalikuwa mazuri.

Mimi mama yako


Nairobi, 20 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Kornelio amekubali! Aliangalia muda mrefu, akasema tu, "Huyu sasa ni mtu."

Vitufe vitatu vya kuzungusha vimekaa kwenye kofia, taa ndogo nyekundu kwenye paji la uso. Swichi nimeiweka mdomoni, ili sauti ianzie kwake. Tumeshapaka thelathini. Cha kwako nakituma pamoja na picha. Mpe Otieno, mtoto wa shangazi, apige nacho kanisani.

Pasaka sitaweza, oda ni nyingi. Nisamehe Mama.

Mwanao, Akinyi


Ringwani, 2 Aprili 2024

Akinyi,

Hatujambo.

Siku ya Pasaka nilikaa benchi la mbele. Wanawake wote nilikuwa nimewaambia waje wamwone Opondo. Otieno akakiweka sakafuni. Nikadhani anafunga waya kwanza, kisha atakiinua mezani. Akanyanyua mguu, buti lina tope, akamkanyaga baba yako mdomoni. Wimbo mmoja tu, akamkanyaga mara nne. Wenzangu wakawa wananiangalia mimi.

Nilikwenda mbele nikakichukua, nikakifuta kwa kanga mbele ya watu. Otieno anasema ndivyo kinavyotumika kila mahali, na wewe unajua. Barua zako nimezirudia zote. Neno mguu halimo hata mara moja.

Mama


Nairobi, 30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, na sijui kama utaisoma hii.

Ni kweli nilijua. Sisi hapa kukanyaga ni kuwasha tu, nimezoea hadi sikuona ninachofanya. Kwako nisingethubutu kusema nimezoea, lakini ndiyo hali.

Barua yako ilipofika nilimwomba Kornelio asiviuze vile visanduku. Alifoka, halafu akasema nivikwangue mwenyewe, baada ya kazi. Ipo dawa ya kutoa rangi, unamwaga mara moja imekwisha. Kummwagia Baba dawa usoni nilishindwa. Nimetumia msasa, kimoja kimoja, wiki tano. Kila kimoja nilianzia kwenye kofia, mdomo nikauacha mwisho. Vidole vimechubuka, penseli inaniuma.

Sasa viko vitupu vyote, na nimepewa hadi mwisho wa Julai. Sina wazo hata moja lililobaki, na sitachora tena bila kukuuliza. Naona aibu, Mama, na nimechoka.

Akinyi


Ringwani, 14 Julai 2024

Nyathina Akinyi,

Marahaba. Hivyo vidole vipake samli, usivifunge kitambaa. Mimi sijambo. Mtama wa pili umetoka, haba lakini upo. Hasira nayo imeisha, nilichoka kuamka nayo.

Kisanduku changu kipo ukutani, nimekigongea kibao chini ya picha. Hapo hakuna mguu unaofika.

Gladys anakuletea kiatu cha baba yako, kile cha tairi, cha mguu wa kulia. Kigeuze. Utaona soli imelika hapo mbele, chini ya dole gumba. Ndivyo alivyokuwa akigonga chini akipiga gitaa, miaka yote ile, hata akiwa mgonjwa. Chora hiyo soli jinsi ilivyo, na swichi uiweke palipolika. Hapo wakanyage wanavyotaka, maana ndipo alipokuwa akikanyaga mwenyewe.

Cha kushoto nimebaki nacho. Ukimaliza kuchora, hicho cha kulia usimpe Gladys. Kilete mwenyewe.

Mama yako