Nimepanda, Baba Salma

Baba Salma,

Salamu zako Nasri amenifikishia. Nyumbani Firq hakuthubutu. Alisubiri mpaka tumefika Korea kumtembelea dada yake Salma anayesoma huko, tuko njiani kupanda ngome yao ya kale iliyo juu ya kilima. "Mama, baba ameachana na yule mke wake wa mjini Sur. Anataka kurudi kwako. Kasema tukuulize." Akainamisha macho utadhani yeye ndiye aliyeoa.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Unaikumbuka safari ya Fanja? Tulikwenda sote kuutazama ule mtaa wa zamani wa kilimani, ukanishusha kwenye gari mbele ya dada zako: "We kaa hapa na masufuria. Kwa mwili huo tutafika magharibi." Wakacheka. Nikapakua biriani peke yangu, nawasikia watoto huko juu wananiita. Mwaka uliofuata ukanipa talaka kwa ujumbe wa simu, nami nimesimama nakupigia pasi kanzu.

Basi jua kwamba kilima cha Korea ni kirefu kuliko kile, na nimekipanda. Nimehema, magoti yamenilaani, na kila nilipopumzika wanao walipumzika nami.

Juu tukatandika kitambaa, tukafungua halwa na kahawa, tukamkaribisha mzee mmoja wa Kikorea na mkewe. Mzee akimaliza anarudisha kikombe kwa mikono miwili, Nasri anamjazia tena. Maskini hakujua kwamba kwetu usipokitikisa unaongezewa, na sisi tukadhani ameipenda. Alikunywa mpaka jasho likamtoka. Mkewe ndiye aliyekifunika kikombe kwa kiganja. Salma alicheka mpaka akaniangukia mapajani. Nilitamani ungeona. Si kwamba nilikukumbuka, nilitaka ikuume.

Watoto wameniachia mimi neno la mwisho, na sikufichi, nimelifurahia. Nimekaa nalo makusudi, ili nawe usubiri kidogo.

Kwangu hutarudi. Lakini wanao sikukatazi, na siku ya Idi mlango utakuwa wazi. Asubuhi, tukila bokoboko letu la ngano na nyama, ni ya watu wa nyumbani. Wewe njoo baada ya alasiri, pamoja na wageni.

Mama Salma