Fomu za Mamboya

Kilosa, Jumanne jioni

Kosa ni langu. Tangu shamba la mkonge libinafsishwe tukapunguzwa, naishi kwa vibarua. Hiki cha kuhoji watu kuhusu maji nilimwachia kibarua mwenzangu Festo upande wa Mamboya, maana sijapanda milima ya huko tangu tumzike mama. Kesho yake tu akarudisha fomu zote, safi mno.

Leo nimempelekea mwenyekiti wa kijiji hicho, aliyeshuka mjini, azigonge muhuri. Akasoma majina, akavua miwani. "Karani, hawa wote ni marehemu."

Festo amenakili majina kwenye misalaba ya makaburini. Mshenzi!

Lakini fomu ya mwisho ni ya mama. Kaburi lake sijaliwekea msalaba, wala Festo hamjui. Penye swali la mahitaji pameandikwa: "Mwanangu aje mwenyewe."