Mabeseni Manane ya Zaina

Rumonge, Jumapili

Dada yangu Mwamini,

Amahoro kutoka huku. Naomba barua hii ikukute umekaa kidogo, maana najua tangu mama avunjike nyonga wewe hukai. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, maumivu yanamwacha asinzie? Mimi niko, ila mikono imekufa kwa kukamua mawese. Hata hii kalamu naishika kama mwiko.

Najua unangoja neno moja tu: Zaina wangu amefaulu ule mutihani wa kazi, ama anakuja Uvira kukusaidia kumuuguza mama, kama tulivyopatana. Nivumilie. Mwenye mutoto wa akili lazima aeleze.

Mara ya kwanza aliangushwa na hesabu moja. Kila ordinateri, hizi kompyuta, dada, iko na adrese yake ya namba nne, na hakuna namba inayopita 255. Waliwapa 10.0.3.200, wakasema ongezeni mia, kwa mkono, bila telefone, kwa hesabu ya mashine, ile inayojua sifuri na moja tu. Zaina akaandika 10.0.3.44. Wakamkata.

Basi Jumatatu narudi kutoka kukamua, nimechoka hata salamu sina, namkuta amepanga mabeseni yangu manane uani. La kulia kabisa ni la moja, linalofuata la mbili, kisha la nne, yanaongezeka maradufu mpaka la kushoto, 128. Lenye ngazi moja ndani, tunda moja la mchikichi, linahesabiwa, tupu ni sifuri. Ngazi mbili zikikutana katika beseni moja, unalimwaga, na moja inahamia la kushoto.

"Zaina, mawese nitayatia kichwani?"

"Mama, ngoja, nimekaribia."

"Umekaribia tangu saa saba!"

Akaweka mia mbili, akaongeza mia. Zikahama, zikahama, mwisho akabaki na ngazi moja mkononi, na mabeseni yanasoma 44.

Nikamwambia, "Ulikuwa na mia mbili, ukaongezewa mia, ukabaki na arobaini na nne? Hata mimi wa darasa la sita nakataa. Na hiyo ya mkononi?"

"Haina pahali, mama. Mabeseni yamekwisha."

"Nyumba ikijaa, mugeni hatupwi barabarani. Analala kwa jirani."

Akashika kichwa: "Jirani ni ile tatu! Inakuwa nne! 10.0.4.44!"

Walimu miaka yote ile, dada, na aliyemfumbulia ni mimi. Wanaosema akili ni ya baba yake, waache waseme.

Jumanne akarudia mutihani. Ijumaa wakapiga simu: amepita, tena wa kwanza, anaanza kazi Bujumbura. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa. Kisha nikakaa chini, maana nilikukumbuka wewe.

Zaina haji. Lakini usitafute mutu. Zamu yangu ya kukamua nimemwachia mwenzangu. Alhamisi nakuja mimi.

Nisalimie shemeji, mumeo muvumilivu, na binamu yetu fundi cherehani, mwambie mutoto wangu sasa ni mutu wa ofisi. Mama mushike mkono kwa niaba yangu.

Nikifika usinipikie kitu. Nionyeshe dawa za mama ziko wapi, kisha wewe ulale.

Murakoze, asante, dada.

Mdogo wako,
Mama Zaina