Neno la Siri Analo Mama

Jumapili, saa kumi alasiri. Upepo tangu asubuhi. Mtaa wetu wote wa Miyuji una rangi ya vumbi, na shuka nilizoanika zimejiviringisha kwenye kamba, itabidi nizifue tena.

Nimekaa sebuleni nazitazama taa za ruta. Ziko nne, za kijani, na moja inapepesa. Nimeitazama hiyo inayopepesa kwa muda ambao sitautaja, maana mtu mzima mwenye kazi zake hatakiwi kukodolea taa macho namna hii. Inapepesa pole pole, inatia usingizi.

Wiki hii nilifunga mtandao wa nyumba yangu vizuri kabisa, na kidogo tu mama yangu aondoke.

Nianze na Jumanne. Kazi yangu naifanyia nyumbani, chumba cha nyuma: nasikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye mikutano ya watu na kuziandika, na mara mbili kwa mwezi nakutana na wakubwa wangu kwa video. Jumanne nilikuwa naeleza kazi ya mwezi mzima nikaganda. Mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba niliganda mdomo wazi na jicho moja nimelifumba, nikabaki hivyo hivyo kwenye kioo mpaka wakubwa wakahamia ajenda nyingine. Niliona aibu, masikio yakapata moto.

Jumatano mchana nikaamua kuingia ndani ya ruta yenyewe. Ina miaka miwili kwenye kabati la televisheni, na tangu fundi aliyeifunga aondoke sijawahi kuigusa. Mama ameifumia kitambaa cheupe cha maua, kama kile cha televisheni na kile cha redio, akaifunika isiingie vumbi. Nilipokifunua, ruta ilikuwa ya moto kama chapati. Nikasema basi, kosa la kwanza ndilo hilo, nikakikunja kitambaa na kukiweka pembeni kwa heshima zote.

Chini yake kuna karatasi iliyobandikwa, ina namba za anwani yake. Niliziandika kwenye kompyuta, ukurasa ukafunguka, ukaniuliza jina na neno la siri la msimamizi. Lilikuwa lile lile la kiwandani, neno moja mara mbili, ambalo mtu yeyote aliyewahi kununua ruta analijua. Miaka miwili nimelala nikidhani nina mlango, kumbe nina pazia.

Kisha nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Vilikuwa kumi na saba. Vyangu ni viwili, Mama ana simu yake. Vingine vyote vilikuwa na majina ya watu: Simu ya Happy. Fundi Shabani. Mama Junia. Baraka Tele. Kimoja kiliitwa Usinizoee. Nilipaswa kukasirika, na nilikasirika, lakini kabla ya hasira kulikuja kitu kingine. Niliyaona mawimbi yakitoka kwenye kale kaboksi, yakipenya ukuta wa sebule, yakipita kwenye mwarobaini ulio karibu na geti, yakimfikia fundi Shabani na cherehani yake nje ya ukuta wetu, na yaliyobaki yakizidi kuchoka huko juu ya mapaa, kuelekea Msalato kwenye uwanja mpya wa ndege. Nyumba yetu ilikuwa inawagusa watu wote hao, na mimi nilikuwa chumba cha nyuma na spika za masikioni.

Nikamwuliza Mama nani amewapa watu neno la siri.

"Nilitangaza jumuiya," akasema, huku anachambua mlenda.

Jumuiya ya mtaa wetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Ilipofika zamu yetu, sala ikaisha, ukawa wakati wa matangazo: mgonjwa wa kutembelewa, mchango wa harusi, usafi wa kanisa. Mama naye akasimama. Akawatangazia kwamba nyumba hii ina waifai, na neno la kuingilia ni jina la dume la ng'ombe alilolipenda marehemu baba, Kidoti, likifuatiwa na wetu, herufi zote ndogo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, niliyasikia makofi nikadhani ni ya mchango wa harusi.

"Lakini fundi Shabani ni Mwislamu," nikasema. "Hayumo kwenye jumuiya."

"Shabani ni jirani," akasema Mama. "Jirani huambiwa na jirani."

Leo nacheka. Jumatano sikucheka. Nilimweleza habari za usalama, kwamba mtu anaweza kufanya uovu kupitia mtandao wetu, na wanaotafuta mwenye kosa wakaja kugonga hapa hapa. Yote niliyosema ni kweli. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu. Nyumba ni yako."

Ningekuwa na akili ningelisikia hilo neno. Sikulisikia.

Nikaendelea. Nilibadilisha neno la msimamizi nikaweka refu lenye namba na alama. Nilibadilisha neno la mtandao. Nikachagua kufuli kali kuliko zote ambazo ruta inazo, nikafunga njia ya kuiendesha kutoka nje ya nyumba, nikairuhusu ivute programu mpya. Ikazima taa zote. Zikarudi moja moja, pole pole, na orodha ikaonyesha vifaa viwili tu, kisha vitatu nilipoiandikia simu ya Mama neno jipya. Nakiri kwamba niliona raha, ile raha ya uwanja uliofagiliwa na bado haujakanyagwa na mtu.

Alhamisi kulikuwa na kimya. Ijumaa kimya kikazidi. Nilifanya kazi vizuri ajabu. Kila nilipovua spika za masikioni nilisikia mwarobaini tu ukichezewa na upepo, na nilifikiri hiyo ndiyo amani yenyewe. Cherehani ya fundi Shabani haikusikika, wala sikugundua kwamba haisikiki.

Mama alihamia kwangu presha ilipoanza kumsumbua. Kwetu ni Hombolo. Ana shamba la zabibu kule, sasa linaangaliwa na mjomba, na ana watu wanaomjua tangu akiwa msichana. Nilimleta mjini ili awe karibu na kliniki. Nilimleta kwenye nyumba yenye ukuta na geti, nikampa chumba chenye dirisha zuri, kisha nikaenda chumba cha nyuma kufanya kazi. Siku yake huanza vipi na huisha vipi, sikuwahi kumwuliza.

Jana asubuhi nilimkuta anakunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye mkoba. Redio alikwishaifunga ndani ya kanga. Dawa zake zilikuwa juu, kwenye kikopo chake.

"Nirudi Hombolo," akasema. "Kule nasalimiwa."

Nilikaa kitandani kwake, kando ya mkoba.

Akanieleza taratibu, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alipokuja, wiki nyingi zilipita hakuna aliyeingia hapa. Watu wa mjini wakiona geti wanapita. Alikuwa anakaa barazani tangu naanza kazi hadi namaliza, anahesabu bodaboda. Siku moja Happy, binti aliyepanga nyumba ya jirani na anayesomea uuguzi, akaja kuomba mtandao ili atume kazi yake ya chuo. Mtandao wetu ukivuka ukuta unakuwa hafifu, hivyo akakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini. Akamsalimia Mama. Akamaliza kazi yake na bado akakaa. Siku ya pili akaja na kipimo, akampima presha.

"Ng'ombe unamwita kwa chumvi," Mama akasema. "Na mimi nikaweka chumvi."

Kumbe lile tangazo la jumuiya alikuwa amelipanga. Baada ya hapo benchi halikupoa. Mama Junia alikuwa anakuja na maziwa ya mgando. Fundi Shabani alihamishia cherehani yake kwenye ukuta wetu, na mimi siku zote nilidhani anafuata kivuli. Hakuna aliyeketi bila kusema shikamoo, na wale waliotoka mikoa mingine aliwafundisha kuitikia mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kama Wagogo wenyewe.

"Sasa simu zimewakataa," akasema. "Wao wanadhani wewe ndiye umewakataa, na mimi pamoja na wewe. Wameona haya kuja."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi namsalimia. Kila asubuhi namsalimia, Mungu ni shahidi. Nikakumbuka ninavyofanya: nasema shikamoo nikipita, mkono mmoja una kikombe, mwingine unachomeka spika sikioni. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kusikia akiitikia. Nilijaribu kweli.

Sikukumbuka.

Nikamwomba asubiri mpaka kesho. Akakubali, si kwa ajili yangu, ila kwa sababu leo ni Jumapili na yeye hasafiri siku ya misa.

Tuliporudi kanisani nikaifungua tena ruta. Kuna sehemu Jumatano niliiruka kwa haraka zangu, inaitwa mtandao wa wageni. Ni mtandao wa pili ndani ya ruta hiyo hiyo. Anayeingia huko anapata intaneti, lakini haoni kompyuta yangu wala kazi zangu, na naweza kuupimia kasi ili video yangu ibaki na fungu lake. Mgeni anakaribishwa sebuleni, chumbani haendi. Nilicheka peke yangu, maana ruta ilikuwa inajua adabu za nyumbani kwetu kuliko mimi.

Nikamwita Mama. Akaja na miwani yake, akavuta kiti, akaangalia ule ukurasa kama anakagua kitambaa dukani. Nikamwuliza mtandao wake auite nani.

"Mgeni Njoo," akasema.

Nikaandika, nikasubiri amalizie.

"Mwenyeji apone hatuiandiki," akasema. "Hiyo wanaijua."

Tulipofika kwenye neno la siri akasema, "Geuka kule." Nikageukia dirishani. Nje vumbi lilikuwa linapita kwa mikupuo, na jua lilikuwa limelegea. Nyuma yangu nilisikia kidole kimoja kikibonyeza, kikisimama, kikibonyeza tena. Ruta ikalikataa neno la kwanza kwa kuwa fupi, na Mama akaisema kwa Kigogo maneno ambayo sitayatafsiri hapa. La pili ikalikubali.

Kisha akanipa sheria zake. Hatalitangaza tena jumuiya. Halitaandikwa popote. Atalitoa kwa mdomo, hapo barazani, kwa mtu aliyeingia na kusalimia. Wiki hii nimesoma kurasa nyingi za kulinda mitandao na hakuna hata moja iliyokuwa na sheria hiyo. Lakini nikawaza: mimi niliona majina kumi na manne ya watu nikashtuka, na yeye angeweza kunieleza kila jina ni mtoto wa nani, katokea wapi, na nini kinamsumbua wiki hii.

Nikatoka kwenda kujaribu. Nilikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, mahali ambapo kwa miaka miwili sikuwahi kukaa. Ni pazuri. Upepo unafika pale ukiwa umechujwa na majani. Kwenye simu nikaliona jina, Mgeni Njoo, mtandao umejaa. Nikabonyeza, simu ikaniuliza neno la siri. Nikarudi barazani.

"Mama, neno ni lipi?"

"Karibu," akasema. "Umetokea wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, anaingoja haki yake.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nikaisikia. Ilikuwa ndefu kidogo, na inashuka mwishoni, kama zamani nilipokuwa natoka shule. Nilidhani imeishia hapo, kumbe ndiyo kwanza. Akaniuliza nimeamkaje. Akaniuliza kazi inakwendaje, na kama wale wakubwa wa kwenye video wananiheshimu. Akaniuliza kwa nini siku hizi nakohoa asubuhi, sikujua kama ananisikia. Nikajibu moja moja, goti bado liko chini, machozi yakanilengalenga na sikuyafuta. Alipotosheka akainama akaninong'oneza neno.

Nikamwambia ni zuri.

"Uwahi kulitumia," akasema. "Jumamosi nitalibadilisha."

Alisema hivyo huku anainuka kwenda kuangalia chungu. Mimi nikabaki pale chini nahesabu siku zilizobaki hadi Jumamosi. Mkoba bado uko nyuma ya mlango wake. Hajaniambia anabaki, na mimi sijamwuliza. Lakini redio imetoka kwenye kanga, nasikia kwaya inatokea jikoni, na nje ya ukuta cherehani ya fundi Shabani imeanza tena tangu saa tisa; bila shaka jirani kaambiwa na jirani.

Neno lenyewe sitaliandika hapa. Kesho asubuhi, kabla sijawasha kitu chochote, nitamsalimia Mama na kusimama hapo hapo mpaka aitikie.