Ujumbe Uliolala Kifuani mwa Joho

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale, Mama, tangu asubuhi ile ya theluji ulipoweka kikombe chini usikiinue tena. Jina lako hatulitaji, kama ilivyo desturi, na wala hakuna haja. Wewe ndiye uliyesoma Ujumbe kwa Wafugaji katika Redio ya Taifa hapa Ulaanbaatar kwa miaka thelathini na moja. Kuanzia milima ya Altai hadi nyika za mashariki, hakuna hema ambalo halikuwahi kuikaribisha sauti yako.

Tulitaka kuandika tangazo fupi la kukushukuru. Mama mdogo Khandjav, mdogo wako, alisema maneno ishirini yanatosha, maana wewe mwenyewe hukupenda makelele. Lakini mwaka huu umetuvuruga, Mama, na mimi mwanao Norjmaa ndiye niliyevurugika kuliko wote. Kwa hiyo nivumilie, nitapitisha ishirini.

Tunazikumbuka asubuhi zako. Ulichemsha chai ya maziwa na chumvi kabla jua halijawaza kuamka. Tone la kwanza ulilirushia mbingu, la pili dunia, la tatu redio iliyokaa rafuni. "Naye apate," ulisema, "anaongea mchana kutwa na koo kavu." Kisha ulivua hereni ukazifunga kwenye leso, zisije zikalia mbele ya kipaza sauti, ukaenda kazini kwa miguu.

Nyumbani ulikuwa huongei. Tukikuuliza jambo mara mbili ulitujibu, "Maneno yangu nimeyaacha kazini, kayachukueni huko." Baba, fundi wa nyaya za redio, alikuwa akiwasha kile kisanduku cheusi cha redio ya ukutani na kutuita, "Haya watoto, njooni mumsikie mke wangu, maana humu ndani simpati!" Nawe ukirudi ukaambiwa hivyo, ulicheka kwa mabega tu.

Siku zile redio ilikuwa ndiyo posta, ndiyo shule, ndiyo saa, ndiyo jirani. Watu wa nyikani walilaza betri kitandani pamoja na watoto ili zisigande, asubuhi zipate nguvu ya kukuleta wewe. Ulisoma upepo wa kila mkoa. Ulisoma farasi waliopotea, rangi zao na alama zao. Halafu ulisoma ujumbe: fulani amejifungua salama, fulani katoka hospitali, apelekewe ngamia wawili wa kumrudisha, fulani rudi nyumbani, mama yako mgonjwa. Redio ilipoacha kuwa ya chama ikawa ya umma, tulikuuliza kimebadilika nini. Ukafikiri sana. "Kiti," ukasema. "Kile cha zamani kilikuwa hakilii."

Sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi.

Baba aliugua majira ya baridi, miaka thelathini na minane iliyopita. Kaka Choijil alikuwa kusini na mifugo ya ushirika, mwendo wa siku mbili kwa farasi wa kubadilisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, namuuguza Baba hospitali. Nikaandika kwa mkono wangu: "Choijil, Baba anaumwa sana, njoo upesi." Nikakukabidhi wewe mlangoni mwa redio. Ulisoma, ukaikunja karatasi, ukaiingiza kifuani mwa joho lako, pale tunapoweka kila kitu cha thamani. "Umefika," ukaniambia. Nikarudi kwa Baba. Kisanduku cha wodini kilikuwa kimezimwa wagonjwa wapumzike, kwa hiyo sikukusikia ukiusoma.

Baba alituacha siku ya nne. Kaka alifika siku ya saba, nyusi zimeganda barafu, mkononi ana mfuko wa yale maziwa makavu Baba aliyoyapenda. "Amelala?" akauliza mlangoni. Nikaupokea ule mfuko. Alisema ujumbe aliusikia siku ya tano.

Tangu hapo mimi ndiye mkosaji wa nyumba. Kila tukikutana Kaka ananichoma. "Norjmaa, wewe nyumba ikiungua utaanza kutafuta kalamu."

"Niliandika siku ile ile!"

"Basi karatasi ilikuja kwa miguu, na ilikuwa na viatu vinavyobana."

Na wewe ulikuwa papo hapo, Mama, unamimina chai. "Kunyweni, inapoa," ulisema. Miaka thelathini na saba ulitusikia tukigombana hivyo, na hukuongeza neno.

Mwaka jana ukatuacha wewe. Kaka alikuwa huko huko kusini, siku hizi ana ngamia zake mwenyewe, katika bonde ambalo simu haishiki hata uipandishe juu ya nundu. Lama, kasisi wetu wa Kibudha, alifungua kitabu akatupa siku ya mazishi: ya tatu, asubuhi, isiyoahirishwa. Nikaandika ujumbe nikakimbia redio. Solongo, uliyemfundisha kazi na ambaye ndiye anayekalia kile kiti kinacholia, alinikumbatia, akafuta macho, akakaa. "Nimalize hali ya hewa, dada, kisha unipe." Nikasimama nyuma ya kioo nimeishika karatasi. Akasoma mikoa kwa mpangilio wako. Kusini, upepo mita ishirini na nne kwa sekunde, dhoruba ya theluji, wenye magari wasitoke.

Aliponyoosha mkono, karatasi ilikuwa imeshaingia kifuani mwa joho langu. Sikumbuki nikiiweka.

"Kesho," nikamwambia.

"Dada, una hakika?"

"Kesho, Solongo."

Kesho yake upepo haukushuka. Ujumbe ulisomwa siku ya tatu, tulipokuwa tumeshakusindikiza. Kaka alifika siku ya nne, akasimama pale pale mlangoni aliposimama zamani. Safari hii hakuuliza kama umelala. Aliuliza, "Uliandika lini?"

"Siku ile ile," nikasema.

Na ni kweli, Mama. Sijawahi kusema kweli iliyofanana na uongo namna ile. Baadaye tulisikia kwamba siku ya kwanza ya dhoruba malori mawili yalitoka kusini. Moja lilifika bila mkwaruzo. La pili lilifukiwa siku mbili, na dereva akapoteza vidole vitatu vya mguu. Mpaka leo sijui Kaka angekuwa ndani ya lori lipi.

Siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga yako, alikuja mzee mmoja, Luvsandash, mfugaji kutoka magharibi. Hatumjui, naye hatujui. Alikunywa bakuli mbili kwanza, kama mtu mwenye adabu, kisha akatoa risiti ya posta iliyochakaa kama ganda la kitunguu.

"Binti yangu, mke wangu alifariki hospitali ya mkoa tarehe nane. Ujumbe ulitumwa tarehe nane, risiti hii hapa. Mama yenu aliusoma tarehe kumi na moja. Siku tatu zile mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa namfundisha mbwa kusimama kwa miguu miwili! Nimekuja kuuliza ujumbe wangu ulilala wapi."

Nikammiminia bakuli ya tatu. Siku hiyo tulikuwa tunagawa nguo zako, na joho lako la kazini lilikuwa mbele yangu, lile la kijani. Nililishika likatoa sauti ya karatasi. Nikafumua bitana. Mama, ulikuwa umeshonea humo karatasi mia moja na kumi na mbili, na kila moja uliiandikia pembeni kwa penseli tarehe ya kupokea, tarehe ya kusoma, na upepo.

Tukaitafuta ya mzee. Uliandika: "Luvsandash. Dhoruba. Ana farasi mkali na yeye hana subira. Isubiri."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Farasi alikuwa mpole kama kondoo! Mkali nilikuwa mimi." Kisha akafuta macho kwa mkono wa joho. "Sasa nimshukuru au nimlaani?"

"Sijui, baba."

"Na mimi sijui. Basi tumekaa hapa wajinga wawili." Akaomba ile karatasi, akaiweka kifuani, akaenda zake.

Ya chini yake ilikuwa na mwandiko wangu. "Choijil, Baba anaumwa sana, njoo upesi." Pembeni, penseli yako: "Kusini mita ishirini na sita. Atatoka saa hiyo hiyo, namjua mwanangu. Isubiri." Chini yake: "Leo pia." Chini yake tena: "Leo pia." Na tena: "Leo pia." Mwisho: "Upepo umetulia. Nimesoma kama ulivyoandikwa."

Kama ulivyoandikwa, Mama! Baba anaumwa sana, njoo upesi. Na Baba alikuwa ameondoka jana yake, nawe ulikuwa umemfunga macho kwa mikono yako, ukavua hereni, ukaenda kusoma kwamba anaumwa. Ndiyo maana Kaka alikuja na mfuko wa maziwa makavu.

Mama mdogo Khandjav aliiona nami. "Choma hiyo," akasema. "Ya marehemu yaishe na marehemu. Kaka yako ana miaka sitini na miwili na presha juu. Unataka avunjike moyo mara mbili, kwa mama na kwa dada?" Asubuhi niliona ana haki. Jioni nikaona hana. Nimekwenda hivyo mwaka mzima, na mpaka leo sijachoma.

Nimejaribu kukukasirikia. Lakini hasira ikitoka kwangu inakwenda hadi kwako, inakuta hakuna mtu, inarudi kubisha mlango wangu. Wanasema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Nilifanya ulichofanya wewe kabla sijajua kwamba ulikifanya, sasa mimi nilikitoa wapi? Nimezisoma karatasi zote mia moja na kumi na mbili nikitafuta hesabu ya waliopona kwa sababu yako na waliokosa kuaga kwa sababu yako. Hazisemi. Nakupenda, nakulaumu, nakuelewa, na kabla chai haijachemka sikuelewi tena. Najua tu kwamba ulikuwa mtu mwema, na kwamba Kaka alikuwa na haki ya kuambiwa.

Mwezi uliopita alituma salamu kwa dereva wa lori la sufi: "Mwambieni Norjmaa maziwa ya kumkumbuka Mama akitimiza mwaka nitayamwaga mimi, ndimi mkubwa. Na safari hii aandike mapema." Dereva alinipa maneno hayo huku anacheka, akidhani ni utani wa nyumbani.

Basi, Kaka Choijil, nimeandika mapema. Najua saa hii redio iko wazi na ngamia hawajatoka. Ujumbe wa Baba niliuandika siku ile ile, Mama akaushika siku nne. Ujumbe wa Mama niliuandika siku ile ile, nikaushika mimi, siku mbili. Solongo aliutaka, nami nikamnyima. Kila mmoja wetu alikuogopea, akakuamulia. Kwa huo wangu nakuomba radhi, kaka yangu, mbele ya nchi nzima. Kwa ule wa Mama sijui nikuombe nini, maana sijui kama yeye mwenyewe angeomba.

Maziwa yatamwagwa Jumapili asubuhi. Hali ya hewa ya huko kwenu, kama nilivyoisikia leo: upepo mita kumi na tisa kwa sekunde, theluji, barabara haionekani vizuri. Uje au usije, safari hii uamue wewe.

Mama, tunaokukumbuka ni mimi Norjmaa. Mdogo wako Khandjav, ambaye amenuna kwa sababu ya tangazo hili lakini amekubali jina lake liwemo. Wajukuu zako Bilguun na Namuun, ambao bado wanairushia redio tone la tatu. Na mwanao mkubwa Choijil, ambaye nimemtaja bila kumwuliza, kama kawaida yetu. Kila redio itakapofunguliwa asubuhi, wewe utakuwa umeshafika, na hatutakusahau hata tukiizima.

Solongo, mdogo wangu, karatasi hii usiiweke kifuani. Isome leo.