Madirisha ya Tusekile

Jumatatu, 12 Januari

Nimerudi kutoka soko la nguo la Shahe mapema, oda ya fulana nimeiacha nusu. Tangu mchana naziba nyufa. Nina gunia la vipande vya jinzi, masalia ya kiwanda kimoja cha Xintang. Navisokota, navisukuma kwa bisibisi kati ya fremu na ukuta. Fremu za chuma, nzee kuliko mimi. Zimepinda. Hazifungi hata ukizipiga kumbo.

Mke wangu Atupele anatoka hospitali Alhamisi, mshono wa upasuaji ulichelewa kufunga. Na mtoto. Wiki tano mtoto amelala ndani ya kile kisanduku cha kioo chenye joto. Alizaliwa kabla ya siku zake, kilo moja na robo. Sasa ana kilo mbili. Nesi ameniandikia kwenye karatasi: chumba kisishuke chini ya nyuzi ishirini na nne. Kipimajoto changu kinasema kumi na moja.

Nimezaliwa Tukuyu. Nilidhani baridi naijua. Ya kwetu unaikimbia, unaingia jikoni, yamekwisha. Hii ya Guangzhou, huku China, imehamia ndani. Kiyoyozi kinapoza tu. Watu wanakula wamevaa makoti. Nimempigia mwenye nyumba. Anasema habari ya madirisha tuongee baada ya mwaka mpya wao.

Naogopa.

Jumanne, 13 Januari

Leo nimeutafuta upepo kwa mshumaa. Unapitisha taratibu kandokando ya fremu. Penye tundu, moto unalala ubavu. Madirisha matatu ya chumbani, matundu kumi na saba. Moja halipitishi hata punje ya mchele, lakini limeuzima mshumaa mara mbili. Nikabaki nalitazama. Upepo umetoka kaskazini huko kwenye theluji, umepita miji yote ile, milima yote ile, na umelijua tundu hili.

Nimefunika vioo kwa nailoni ya kufungia marobota. Tabaka tatu. Ikavimba, ikanywea, ikavimba tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikaongeza selotepu. Imetulia.

Hita ndogo inawaka. Nyuzi kumi na saba. Haitoshi. Kesho nanunua ya pili.

Jumatano, 14 Januari

Ayi amepanda. Sisi wafanyabiashara tunawaita hivyo kina mama watu wazima wa hapa, ni kama kusema shangazi. Huyu anakaa chini yetu, mjane, amevuka sabini. Amesikia nagonga tangu asubuhi. Akakagua dirisha moja moja, mikono mgongoni, anatikisa kichwa kukubali. Nikajiona fundi.

Kufika jikoni akapiga ukelele. "Bu xing! Bu xing!" Neno hilo nalijua, nalipata kila siku sokoni nikiomba wapunguze bei. Haiwezekani. Akaanza kuchana nailoni yangu kwa kucha. Kazi ya asubuhi nzima. Hasira zikanipanda, nikamshika mkono. Mkono mwembamba kama kijiti. Hakuuvuta. Kwa ule mwingine akanionyesha hita ya maji ya gesi ukutani, kisha akaulaza shavuni, akafumba macho. Nikamwachia. Akatoa simu, akaisemesha, ikanitafsiria kwa Kiswahili chake cha mashine: "Moto unakula hewa. Watu wanalala. Hawaamki."

Nimekaa sakafuni. Kesho nilikuwa nawaleta humu wote wawili, niwafungie na gesi, nikisema nawatunza.

Dirisha la jikoni tumeliacha wazi. Tumeziba nyufa za mlango unaotenga jikoni na chumba. Halafu Ayi akakoroga gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria yangu, akabandika karatasi kwenye nyufa nyembamba ambazo jinzi haiingii. Vidole havitetemeki. Kila karatasi anaipitisha kidole gumba, polepole, mpaka hewa yote imetoka. Nimemwomba radhi kwa kumshika. Amepunga mkono tu, kama anafukuza nzi.

Alhamisi, 15 Januari

Tusekile yuko nyumbani.

Siwezi kuandika vizuri. Hospitalini nilimwona nyuma ya kioo. Leo nimembeba. Kichwa chake kinaenea kiganjani mwangu na nafasi inabaki. Ana kucha. Kucha kumi za mikono, kamili, kila moja ndogo kuliko ushanga. Anapiga miayo. Nani amemfundisha?

Nyuzi ishirini na nne. Atupele ameingia, akasimama katikati ya chumba kama mgeni, kisha akafungua vifungo, akavua koti. Ndani ya nyumba, Januari. "Mume wangu," akasema, "humu ni humuhumu tulimokuwa?" Akacheka huku ameshika mshono. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Desemba.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika usiku, wao wamelala.

Mvua na upepo tangu alfajiri. Saa sita mchana umeme umekatika, jengo zima. Nadhani hita za watu zimezidi. Hita zetu mbili kimya. Ishirini na tatu. Ishirini na moja. Saa nane, kumi na tisa. Atupele akagusa nyayo za mtoto, akanitazama. Za baridi. Akampa ziwa, akalikataa. Hakulia hata. Heri angelia.

Nikapigia simu hospitali. Nesi akasema kwa ufupi: kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, nusu saa asipopata joto, mleteni. Nje nyuzi nne. Atupele mwenyewe anatetemeka, mshono haujapona. Nikavua sweta na shati. Tusekile na nepi yake na kofia tu, nikamlaza juu ya moyo. Alikuwa kama chura mdogo, baridi na laini. Atupele akatufunga kwa khanga, akaongeza blanketi, akaongeza koti. Ayi akaja na mifuko miwili ya mpira yenye maji ya moto. Atupele akaizuia isimguse mtoto. Wakaelewana kwa mikono tu, wakaiweka mgongoni kwangu.

Nikakaa. Kazi yangu ni kubeba marobota, kubishana bei, kukimbizana na makontena ya bandari ya Nansha. Sikuwahi kukaa bila kufanya kitu na kufanya kitu kikubwa namna hii. Nilihesabu pumzi zake. Zilikuwa fupi, zinakwenda, zinasimama, na kila zikisimama na mimi nasimama. Madirisha yalitikisika yote matatu. Karatasi ya Ayi haikubanduka hata ncha.

Kisha mguu ukanipiga tumboni. Teke. Dogo, lakini teke la mtu anayedai.

Atupele akaingiza mkono chini ya koti. "Zimepata moto! Baba Tusekile, nyayo zimepata moto!" Akamchukua, akamnyonyesha. Nikasikia anameza. Funda la kwanza, la pili. Ayi akageukia ukutani, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Chumba kilibaki kumi na tisa mpaka umeme uliporudi jioni. Hakikushuka tena. Nimekiangalia kipimajoto kile kama mtu anavyoangalia muujiza. Sijui neno jingine.

Jumapili, 18 Januari

Hatukwenda ibadani. Tumelala kwa zamu.

Mama amepiga kutoka Tukuyu. Nimemweleza yote. Akasema, "Mwanangu, na wewe nilikubeba hivyohivyo kifuani, miezi miwili, mvua haikatiki. Baba yako alishaanza kukuombolezea." Nina miaka thelathini na nane. Sikuwahi kuambiwa. Nikamuuliza kwa nini. "Ulipona," akasema. "Ningekuambia nini?"

Jumatano, 21 Januari

Jua limetoka. Nje nyuzi kumi na nne, upepo umekufa. Nimezima hita moja.

Kiwanda cha Xintang kimepiga mara tatu. Nitakwenda kesho.

Asubuhi nailoni ya dirisha kubwa ilikuwa imejaa matone upande wa ndani. Nilidhani mvua imepenya, nikatafuta tundu. Hakuna. Atupele akaniambia ni pumzi. Zetu watatu, zimejikusanya pale usiku kucha. Nimesimama nayatazama yanavyoteremka, moja linalikuta jingine, yanakuwa mazito, yanakwenda. Mwanga wa jua uko ndani ya kila moja.

Nikafuta kwa kitambaa. Tusekile alikuwa anapumua kwenye mkono wangu mwingine. Ukungu ukaanza kurudi.