Njia Ambayo Sikuichora

Butembo, mtaa wa Furu,
tarehe 14 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Rébecca,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Tonton Stanislas na mdogo wangu Bénie wako wazima? Na wewe, umeshazoea bukari ya mahindi ya Lubumbashi, au bado unailalamikia mezani watu wakikutazama?

Sisi huku tunashukuru Mungu. Mvua inanyesha kila alasiri, na tope la Furu limekula kiatu changu kimoja. Baba anakohoa asubuhi lakini anakataa dawa. Wewe unamjua kaka yako.

Barua hii inakuja na Jamali, jirani yetu muuza vitenge, anayepanda ndege Mavivi wiki hii. Ningeweza kukupigia, lakini nyumbani kwetu kila mtu husikiliza simu ya mwenzake, na maneno haya nataka uyasome kwanza peke yako.

Unakumbuka nilikuambia kwamba nimeingia chuo kidogo cha jamii hapa mtaani, kusoma kile wanachokiita SIG. Ni kazi ya kutengeneza ramani kwa kompyuta, kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani na alama tunazochukua wenyewe kwa simu tukitembea. Baba huwaambia watu kwamba binti yake anasomea udereva wa kompyuta. Nimeacha kumsahihisha.

Napenda sana masomo haya. Nilipoona kijito chetu kinatokea kwenye kioo, na mimi ndiye nimekiandikia jina lake, nilibaki nakitazama mpaka wenzangu wakanicheka.

Kwa kazi ya mwisho, Mwalimu Paluku alituomba kila mmoja achore mahali familia yake ilipotoka. Ramani zote zitawekwa kwenye mtandao, wazi kwa kila mtu, ili hata wauguzi wanaochanja watoto wajue pa kupita. Niliona ni jambo jema, na bado naliona hivyo. Basi nikaenda kule kwetu, pembeni ya Mavivi, karibu na Beni, nikafikia kwa Mjomba Siméon, mdogo wa marehemu Mama. Bado analima kakao yake, na bado anaongea na miti kuliko na watu.

Tulizunguka pamoja siku kadhaa: kanisa, chemchemi, shule, mipaka ya mashamba. Simu ilikuwa mfukoni mwangu ikichora kila tulipokanyaga. Siku moja tukiwa katikati ya kakao akaniambia nimfuate, nisiulize. Tulitembea muda mrefu mahali ambapo mimi sikuona njia yoyote. Yeye aliiona.

Unaijua, Shangazi. Ni ile ambayo mwanzo wake haukatwi panga kamwe, na kila mtu huingilia mahali pake, pasitokee alama ya miguu, halafu majani makavu ya kakao yanafunika nyayo zinazobaki. Hata hapa siandiki inaanzia wapi. Mjomba anasema mwaka jana tu imepitisha watu wengi waliokuwa wakikimbia, wazee na watoto, na wote walifika upande wa pili.

Tulipofika karibu na jiwe kubwa alisimama akaniambia:

"Ni hapa shangazi yako alikupitisha mu mugongo. Ulikuwa unataka kulia. Akapasua kakao, akakutia mbegu mu kinywa, ufyonze, unyamaze. Basoda balikuwa karibu."

Nilikaa chini. Maisha yangu yote nimesikia kwamba siku ile askari walipoingia kijijini, mimi na wewe tulipanda lori kwenye barabara kubwa, tukatoka mapema kuliko wengine, tukafika Butembo bila shida. Baba mwenyewe ndivyo anavyosimulia. Alikuwa Kanyabayonga akinunua maharagi, na hivyo ndivyo ulivyomwambia aliporudi. Nadhani nimeelewa kwa nini. Mama alikuwa ameshafariki, mtoto alikuwa mmoja tu, naye Baba alikuwa mbali. Ulitaka asijilaumu. Sikuwa najua kitu hicho juu yako, na nimelia.

Kabla hatujatoka, Mjomba aliniambia kuhusu ramani yangu:

"Ile njia usiitie mu carte, mutoto. Njo inatuchungaka."

Mimi sikukumbuka simu mfukoni. Niliporudi chuoni nikaifungua kwenye kompyuta, mstari ukajitokeza wote, mwekundu, kutoka mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo picha ya angani inaonyesha miti tu. Niliufuta kwenye kompyuta, nikaufuta na kwenye simu.

Mwalimu Paluku si mtu mbaya. Aliona upande ule wa ramani hauna kitu, akasema kazi haijaisha, na bila kazi hiyo diploma itangoja mwaka mwingine. Nikamwambia kuna njia siwezi kuichora kwa usalama wa watu. Alifikiri, halafu akasema ataniamini mzee wa familia akija mwenyewe kuthibitisha, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu wanafunzi wengine hubuni sababu wakichoka kutembea.

Basi nikamwomba Baba. Nilimwambia tu kwamba watu wa kule hawataki. Jibu lake ni hili:

"Miaka yote hii ulisoma, njo utaacha diplôme juu ya kanjia? Lakini ni mustari tu. Rudia Beni, utembee, utie mustari."

Anasema Siméon anaogopa hata kivuli, na kwamba njia za porini hazijawahi kumsaidia mtu, barabara ndiyo inasaidia. Mfano wake ni mimi na wewe na lile lori.

Shangazi, ningeweza kumwambia. Maneno hayo ni yako, umeyabeba miaka yote, na sikuona haki ya kukunyang'anya. Lakini kule sirudi na simu mfukoni, hata nikikosa diploma. Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma, umpigie kaka yako. Umwambie tulipita wapi, ili akubali kuja kuthibitisha kwa Mwalimu. Ataumia, najua. Nitakuwa karibu naye.

Mjomba Siméon anakusalimu, na Mama Hawa jirani, na Ornella wa kwaya, ambaye bado anakungoja uje uimbe sauti ya pili. Msalimie Tonton na Bénie. Mungu alilinde goti lako na nyumba yako, na akulipe kwa siku ile ambayo mimi siikumbuki.

Mjomba alinipa kakao moja ya kuja nayo. Nilifyonza mbegu zake njiani, nikiwa kimya, mpaka Butembo.

Wako akupendaye, mzigo wako wa mgongoni,

Kanyere